Kurambaza mbuta Ziwa Victoria: Anayejua maji ndiye anayepata

WENGI wanaoona mashua ikizunguka polepole karibu na visiwa vya Rusinga na Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, huku mishipi miwili au mitatu ikivutwa nyuma yake, hudhani kuwa waliomo ni watalii wanaopunga upepo. La hasha! Watu hao wanamsaka mbuta kwa mbinu ambayo Kiswahili huiita kurambaza.

Kurambaza ni kuvua kwa kukokota mshipi wenye chambo na ndoana nyuma ya chombo kinachokwenda. Ni neno la wavuvi, ingawa kizazi cha leo hulijua zaidi kwa maana ya kupekua kurasa za intaneti.

Mbinu hii isichanganywe na ile ya meli zinazoburura nyavu kubwa chini ya maji, ambayo imepigwa marufuku katika Ziwa Victoria kwa sababu huzoa samaki wakubwa kwa wadogo na kuvuruga mazalio yao. Mrambazaji hunasa samaki mmoja mmoja na, akipenda, humrudisha majini akiwa hai. Katika ziwa ambalo mbuta wakubwa wamekuwa adimu, tofauti hiyo si ndogo.

Samaki mwenyewe ni mgeni. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980 na kuangamiza aina nyingi za fulu. Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzani wa kilo 200. Rekodi ya dunia ya mbuta aliyenaswa kwa mwanzi na mshipi ni ya samaki wa kilo 104, aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka wa 2000.

Atafutwe wapi?

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita 68,800 mraba. Hata sehemu ya Kenya, ambayo ni kama asilimia 6 tu, ni pana mno kwa anayevua kwa kubahatisha. Mrambazaji hodari hujiuliza maswali mawili kabla ya kutia chambo majini: chakula kiko wapi, na hewa iko wapi?

Kuhusu chakula, mbuta hula omena, fulu, uduvi na hata watoto wa mbuta wenzake. Ndege ndio wapelelezi wa kwanza. Mnandi wakipiga mbizi mahali pamoja, na shakwe wakishuka na kupaa juu ya maji, kuna uwezekano mkubwa kwamba kundi la omena liko chini yao, na mbuta hayuko mbali. Hupenda pia kuvizia kando ya miamba, kwenye ncha za visiwa, na pale kina kinapobadilika ghafla. Ndiyo sababu Rusinga na Mfangano hupendwa na warambazaji: Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, lakini nje ya visiwa hivyo sakafu ya ziwa huteremka.

Swali la hewa husahauliwa na wengi. Kuanzia takriban Septemba hadi Aprili, maji ya juu yenye joto hukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo, na sehemu za chini kabisa hupungukiwa na oksijeni. Mbuta huhitaji oksijeni nyingi, kwa hivyo hukwepa vina hivyo. Kati ya Juni na Agosti, pepo za kusini mashariki huyakoroga maji, hewa ikafika chini, na samaki wakatawanyika. Anayeshusha chambo mita 50 mwezi wa Februari huenda akashinda kutwa akivua maji matupu.

Namna ya kukokota

Chambo kinachotumiwa aghalabu ni samaki bandia wa mti au plastiki, mwenye kibamba kidogo kinywani. Kibamba hicho ndicho kinachomfanya azame na kuyumbayumba kama samaki aliyejeruhiwa. Huachwa umbali wa mita 30 hadi 50 nyuma ya mashua ili mngurumo wa injini usimtishe mbuta. Mwendo uwe kama wa mtu anayetembea kwa miguu, kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Alfajiri na magharibi ndizo nyakati bora, kwani mbuta huona vyema penye mwanga hafifu.

Nahodha mzoefu hapiti njia iliyonyooka. Chombo kinapokata kona, chambo cha upande wa nje huongeza kasi na cha ndani hupunguza. Samaki akishika cha nje, ni ishara kwamba mwendo unafaa kuongezwa. Akishika cha ndani, upunguzwe. Vilevile nahodha huyo hukaa mbali na maboya ya nyavu, kwani ndoana moja iliyokwama inaweza kuharibu wavu ambao familia nzima ufuoni inautegemea.

Mkubwa ni mama

Kanuni zilizoafikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania ziliweka sentimita 50 kuwa urefu wa chini wa mbuta anayefaa kuvuliwa, na sentimita 85 kuwa upeo wa wale wanaopelekwa viwandani. Kipimo cha chini kilikusudiwa kumpa samaki nafasi ya kuzaa. Kile cha juu kiliwalinda wazazi: wengi wa mbuta wakubwa ni majike, na jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni.

Hata hivyo, kumrudisha samaki majini si kumtupa tu. Mbuta aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hufura kibofu chake cha hewa, akashindwa kuzama tena na kufa akielea. Kwa hivyo anayenuia kuwaachilia samaki wake afadhali arambaze maji ya kina cha wastani, abonyeze kijino cha ndoana ili ichomoke kwa urahisi, na amshike samaki kwa mikono iliyolowa huku akimwegemeza tumboni. Asimning'inize kwa taya kwa ajili ya picha.

Anayetaka kujaribu achukue kwanza leseni ya uvuvi, avae jaketi la kuokoa maisha, na aajiri nahodha wa ufuo ule ule, kwani dhoruba ziwani huja ghafla. Mbuta akiuzwa sokoni humlipa mvuvi mara moja. Akinaswa na kuachiliwa salama, nahodha huyo ana sababu ya kumpokea mgeni mwingine kesho, na ziwa halijampoteza mzazi.