Umri wa Kweli na Daftari la Shule: Watoto wa Shinyanga na Geita Mbele ya Wasaka Vipaji

Tangu timu ya Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021, na mshambuliaji wake George Mpole akaumaliza msimu ule kwa mabao 17 akawa mfungaji bora wa nchi nzima, wazazi wengi wa ukanda wa dhahabu, ambao zamani waliuhesabu mpira kuwa ni kupoteza wakati wa kuchunga, wameanza kuutazama kama mlango wa riziki. Na Shinyanga, iliyokwisha kuziona Stand United na Mwadui zikicheza ligi hiyo hiyo, haikuhitaji kushawishiwa. Penye matumaini ya riziki dalali hakosi. Huja na simu mbili, akasema ana jamaa zake Ulaya au Ghuba, akataka kumwona mtoto wa miaka 12 au 13, na kabla ya kuaga huwa ameshauliza kama cheti cha kuzaliwa kinaweza kurekebishwa. Swali hilo peke yake latosha kumtambulisha, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na besiboli ya Marekani, mmoja wa michezo iliyotangulia mbali katika biashara ya kuwatafuta watoto. Katika Jamhuri ya Dominika klabu zote za ligi kuu ya mchezo huo zina vyuo vyao, na kanuni huruhusu kijana wa nchi za nje kutia saini akiwa na miaka 16. Lakini kwa kuwa fedha nyingi humwendea aliye mdogo zaidi, madalali wa huko, waitwao buscones, huwatwaa watoto tangu miaka 12, wakawalisha na kuwafunza, kisha wakakata fungu nono siku ya saini. Matokeo yake ni uongo wa umri. Mwaka 2006 klabu ya Washington Nationals ilimlipa kijana mmoja dola milioni 1.4 kwa kuamini kwamba ana miaka 16. Mwaka 2009 ikabainika kwamba alikuwa na miaka minne zaidi, na hata jina halikuwa lake.

Jirani zetu wa Uganda wamezionja pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mchujo uliofanyika Poland, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, Little League, huko Williamsport, Marekani, ila viza wakanyimwa, kwa sababu hati zao za kuzaliwa na maelezo ya umri wao hayakuafikiana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, waliofuzu kwa njia ile ile, walifika na wakacheza. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, Waganda Ben Serunkuma na Umar Male walitia saini na klabu ya Los Angeles Dodgers. Mikono ya watoto wa mwaka 2011 haikuwa na kasoro. Kilichowakwamisha ni karatasi.

Na sisi pia tumeonja. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, waliondolewa katika fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 kwa kumchezesha aliyepita umri. Mwaka 2017 wakaingia fainali za Gabon kwa kuwa Kongo ya Brazzaville iliondolewa baada ya mchezaji wake kutofika kupimwa. Kipimo chenyewe, ambacho FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009, ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono, ipigwayo kwa nguvu ya sumaku. Katika mtoto anayekua, mwisho wa mfupa wa kigasha huwa na utando wa gegedu, uonekanao kama mstari kwenye picha, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Ukuaji ukiisha, gegedu hugeuka mfupa na ule mstari hutoweka. Mstari ukiwa umetoweka kabisa, basi karibu ni yakini kwamba mwenye mkono ule ameshapita miaka 17. Kipimo hiki hakisemi mtu alizaliwa lini. Husema tu kwamba amevuka mpaka, nalo hilo hakuna cheti cha kulikanusha.

Katika Usukuma, hata hivyo, si kila hitilafu ya karatasi ni hila. Mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija nyumbani, akibatizwa huitwa Emmanuel, akiandikishwa shule mwalimu huandika jina la babu mahali pa jina la baba, na mwaka wa kuzaliwa hukisiwa kwa kimo. Akifika miaka 15 ana majina matatu na tarehe mbili, na ofisa wa ubalozi asiyemjua Shija wala Emmanuel huona watu wawili. Dawa ya jambo hili ni nyepesi, nayo ipo karibu: mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, umeshafika Geita na Shinyanga, na cheti hutolewa bila malipo katika zahanati na ofisi ya kata. Mzazi akichukue mapema, kisha ahakikishe kwamba rejesta ya shule imefuata herufi zile zile.

Yafuatayo ni ya sheria. Kanuni za FIFA hukataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi hadi nchi, isipokuwa kwa nyudhuru chache, kama wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira, au kuishi karibu kabisa na mpaka. Barcelona iliadhibiwa kwa kosa hilo mwaka 2014, na Chelsea mwaka 2019. Basi anayeahidi kumpeleka Ulaya mtoto wa Kahama mwenye miaka 14, ama haijui sheria ama anaijua na ana nia nyingine. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na hamsogelei mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi. Mchimbaji wa Nyarugusu hauzi dhahabu yake kabla ya kuiona mizani. Na leseni hiyo ndiyo mizani ya kuombwa ionekane.

Kuna pia haki ambayo timu zetu ndogo huipoteza kwa kutojua. Mchezaji aliye katika mkataba akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Tuseme bei ni shilingi bilioni moja: fungu ni milioni 50, kila msimu wa miaka 12 hadi 15 huipatia klabu milioni 2.5, na kila msimu wa 16 hadi 23 milioni 5. Lakini hulipwa klabu iliyomsajili mtoto kwenye shirikisho, si mtaa uliomlea. Timu ya ndondo isiyo na usajili haipati hata senti, japo ndiyo iliyomnunulia viatu vya kwanza.

Lililo zito kuliko yote ni shule. Katika besiboli wengi mno wanaotia saini wakiwa na miaka 16 hawafiki ligi kuu, na ndiyo maana vyuo vya Dominika vimelazimika kuwa na madarasa pamoja na viwanja. Huku kwetu anayeshindwa ana mahali pa kwenda panapojulikana: ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 iliwakuta watoto, hata wa miaka 8, katika machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya, wakishuka maduarani na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Ada imeondolewa sekondari tangu 2016, lakini mtoto anayehamishiwa kambi ya mpira mkoa mwingine bila barua ya uhamisho huhesabiwa mtoro, na mwaka wa pili wa utoro ni vigumu kuurudisha. Kwa hiyo mzazi anayeombwa kutia saini kwa niaba ya mwanawe, ambaye mkataba wake kwa kanuni hauzidi miaka 3, adai kifungu kinachotaja shule kwa jina, nani atalipia malazi na vitabu, na kwamba malipo hayo yataendelea hadi mtihani wa kidato cha nne hata mtoto akivunjika mguu katika mwezi wa pili.