Hofu ya Maradhi: Namna Inavyomtesa Mtu na Namna Wenzake Wanavyoweza Kumsaidia

Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alfajiri moja, akiwa bado kitandani, alihisi moyo wake ukisita kidogo, kisha ukipiga kwa kishindo. Juma lililotangulia alikuwa amehudhuria mazishi ya jirani aliyefariki ghafula kwa maradhi ya moyo. Kabla ya jua kuchomoza mwalimu huyo alikwisha kuamini kwamba zamu yake imefika. Alikwenda zahanati, akapimwa, akaambiwa kuwa moyo wake ni mzima. Akarudi nyumbani amefurahi. Lakini ilipofika jioni swali jipya lilimjia: je, kama chombo kile kilikuwa kibovu? Baada ya miezi minne alikuwa amepimwa katika hospitali tatu, fedha za kununulia mabati zimekwisha, usingizi umempotea, mkewe amechoka kuulizwa, na walimu wenzake wamezoea kumtania.

Mwalimu huyu ni wa kubuni, lakini watu wa namna yake ni wengi. Yamkini msomaji anamfahamu mmoja wao. Yamkini ni yeye mwenyewe. Katika makala haya tutaeleza hofu hiyo ni nini, kwa nini haiondolewi kwa vipimo, na ni msaada wa namna gani unaofaa kutolewa na jamaa na marafiki.

Maradhi ya kweli, ila si yale yanayodhaniwa

Mtu mwenye hofu ya maradhi hutawaliwa, kwa muda wa miezi au miaka, na wazo kwamba ana ugonjwa mkubwa au kwamba atapatwa nao. Wazo hilo haliondoki hata vipimo vionyeshapo kinyume. Jina lake la zamani, haipokondria, latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya sehemu iliyo chini ya mbavu, kwa kuwa waganga wa kale walidhani kwamba chanzo chake kimo humo.

Kwa karne nyingi watu wameicheka hofu hii. Mwaka 1673 mtunzi wa michezo wa Ufaransa, Molière, alionyesha mchezo wa kuchekesha juu ya mtu ajidhaniaye kuwa mgonjwa, naye mwenyewe akaigiza nafasi ya mtu huyo. Katika onyesho la nne Molière alizidiwa jukwaani, akafariki usiku ule ule. Watazamaji walikuwa wakimcheka mgonjwa wa kuigiza, kumbe mbele yao alikuwapo mgonjwa wa kweli.

Leo tunajua kwamba jambo hili si la kuchekwa. Uchunguzi uliofanywa nchini Sweden, ambao matokeo yake yalitangazwa mwezi Desemba 2023, uliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 waliothibitishwa na madaktari kuwa na tatizo hili. Ilionekana kwamba walikufa mapema kuliko watu wengine wa umri wao, na kwamba hatari ya kujiua kwao ilikuwa kama mara nne ya ile ya wengine. Kwa hiyo anayemwambia mtu wa namna hii kwamba "huna kitu" anakosea. Anacho kitu: ana hofu, nayo hofu hiyo ni maradhi.

Hofu inavyozaa dalili

Pengine msomaji atauliza: ikiwa moyo wa mwalimu ni mzima, mbona alihisi mshtuko? Jibu ni kwamba mwili mzima haukai kimya. Moyo wa mtu mwenye afya huweza kuongeza pigo moja kabla ya wakati wake, tumbo hunguruma, misuli hutetemeka, na shinikizo la damu hupanda na kushuka mchana kutwa. Kwa kawaida hatuyatambui mambo hayo, kwa sababu fikra zetu ziko kwenye kazi.

Msomaji aweza kujaribu mwenyewe. Aelekeze fikra zake zote kwenye ulimi wake kwa muda wa dakika moja. Ataanza kuhisi uzito wake, mate yaliyouzunguka, na namna unavyogusa meno. Ulimi haukubadilika, kilichobadilika ni uangalifu wake tu. Sasa na afikiri juu ya mtu ambaye uangalifu wake umeelekezwa kwenye moyo saa zote.

Zaidi ya hayo, hofu yenyewe hubadili mwili. Mnamo mwaka 1915 mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia mbele ya hatari. Tezi mbili zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, jasho hutoka, misuli hukaza, na tumbo huchafuka. Mtu akipumua upesi upesi, hewa ya kaboni katika damu hupungua. Ndipo kichwa huwa chepesi na vidole huingia ganzi na kuchomachoma. Maandalizi hayo yanafaa sana mtu akutanapo na chui. Tatizo ni kwamba mwili hautofautishi chui aliye kichakani na chui aliye katika mawazo.

Hivyo duara hukamilika. Mtu huhisi jambo dogo, huogopa, na hofu humletea dalili nyingine. Dalili hizo huzichukua kuwa ushahidi, naye huzidi kuogopa. Hata kujikagua kwaweza kuleta dalili: anayebonyezabonyeza mtoki shingoni mara ishirini kwa siku mwishowe ataukuta umevimba na unauma.

Kwa nini kuhakikishiwa hakutoshi

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Uingereza, Hilary Warwick na Paul Salkovskis, walionyesha jambo linaloshangaza mwanzoni: kule kutafuta kuhakikishiwa kila mara ndiko kunakoiendeleza hofu. Ni kama kujikuna upele. Unapojikuna unapata nafuu, nafuu hiyo hupita, na mwasho hurudi kwa nguvu zaidi. Kila mara mwalimu wetu alipoambiwa "u mzima", hofu ilishuka kwa saa chache; naye akajifunza kwamba dawa yake ni kuuliza tena. Hakupata nafasi ya kugundua kwamba hofu, ikiachwa bila kujibiwa, hupanda, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe.

Siku hizi simu ya mkononi imeuzidisha upele huo. Anayetafuta katika intaneti sababu za kuumwa kichwa hukutana na uvimbe wa ubongo pamoja na uchovu na ukosefu wa maji, kana kwamba vyote vina uwezekano ulio sawa.

Tiba ipo

Tiba iliyochunguzwa zaidi ni ya mazungumzo. Mgonjwa hufundishwa kulitambua duara tulilolieleza, kupunguza kujikagua hatua kwa hatua, na kuvumilia mashaka. Nchini Uingereza kundi la watafiti lililoongozwa na Peter Tyrer liliwapima wagonjwa waliohudhuria kliniki za kawaida za hospitali, kama zile za moyo, mapafu na tumbo. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa na hofu kubwa ya maradhi. Wagonjwa 444 waliingizwa katika majaribio. Baada ya mwaka mmoja, waliokwisha kurudi katika hali ya kawaida walikuwa kama 14 katika kila 100 kwa upande wa waliotibiwa kwa mazungumzo, na kama 7 tu kwa upande wa wengine. Si muujiza, lakini nafuu kwa ujumla ilikuwa ya wazi, nayo ilidumu hata baada ya miaka mitano. Jambo la kutia moyo kwa nchi zenye mabingwa wachache ni kwamba watoaji wa tiba hiyo hawakuwa mabingwa wa siku nyingi. Na waliofanikiwa zaidi walikuwa wauguzi.

Msaada wa wenzake

Hapa kwetu mgonjwa wa hofu huwa na shida ya pili, nayo ni aibu. Wengi wasikiapo maneno "maradhi ya akili" hufikiri juu ya hospitali ya Mirembe huko Dodoma, nao hunyamaza. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Jirani zetu wa Zimbabwe wametoa mfano wa kuigwa. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianzisha Benchi la Urafiki katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, akiwa na akina bibi kumi na wanne waliokwisha kuzoea kazi za afya mitaani. Mwenye dhiki huketi na bibi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, wakazungumza kwa lugha yao. Husema juu ya kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu 573, yaliyotangazwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma ya benchi walikuwa na dalili chache za wasiwasi na huzuni kuliko wenzao. Mpango huo haukuundwa kwa ajili ya hofu ya maradhi peke yake; hata hivyo umethibitisha kwamba sikio la mtu wa kawaida, aliyefundishwa vyema, ni tiba. Baadaye ulienea hadi Malawi na Zanzibar.

Je, jamaa wa mgonjwa afanye nini? Kuna mambo manne.

Kwanza, asidhihaki. Mzaha humfanya mgonjwa aifiche hofu, wala haumfanyi aiache.

Pili, aitambue hofu bila kuwa hakimu wa dalili. Mke wa mwalimu wetu aweza kusema: "Mume wangu, naona hofu imekujia tena, nayo inakutesa. Juu ya moyo wako daktari amekwisha kusema, nami sitaongeza neno. Njoo tumwagilie mboga, nami nitakuwa nawe." Maneno hayo hayahakikishi kitu, lakini hayamwachi mtu peke yake. Yafaa wakubaliane hivyo mapema, wakati hofu imetulia, ili kunyamaza kusidhaniwe kuwa ni ukali.

Tatu, amsaidie kuwa na daktari mmoja na miadi iliyopangwa, badala ya kukimbilia hospitali mpya kila hofu ipandapo.

Nne, watu wenye hofu hii wakikutana wao kwa wao wawe na kanuni moja: wasibadilishane dalili. Anayesimulia maumivu ya ubavu huweza kuwapa wenzake watatu maumivu hayo kabla ya jua kutua. Waelezane namna kila mmoja alivyoishi na hofu siku ile: alifundisha, alilima, alihudhuria arusi.

Wakati wa kwenda hospitali

Hata mwenye hofu huugua kama watu wengine. Homa hapana budi ipimwe. Kikohozi cha majuma mawili au zaidi, damu katika makohozi au choo, kukonda bila sababu, kifua kubana kwa maumivu yanayoenea mkononi au tayani, na kupooza upande mmoja ghafula, yote hayo si ya kungojewa. Vivyo hivyo, anayesema kwamba hataki kuishi asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mganga siku ile ile.

Kwa mambo mengine, kupona si kupata uhakika, kwa sababu hakuna binadamu aliye na uhakika juu ya mwili wake. Mwalimu wetu ataamka tena alfajiri na kuhisi moyo ukisita. Ataogopa. Kisha atavaa viatu, ataelekea shuleni akiwa na hofu yake, na ifikapo saa nne, akiwa ubaoni na chaki mkononi, huenda asikumbuke hofu hiyo ilimwachia njiani mahali gani.