Hesabu ya Mzigo wa Kuni

Idi inapokaribia, pikapu zilizosheheni kuni za samar, mti wa jamii ya migunga, huegeshwa kandokando ya barabara za Al Khoudh, Maskati. Ni vigogo vizito, gome la kijivu, ndani vyekundu, na vingine bado vina miiba. Mnunuzi hupunguziwa kidogo ili aone amepunguziwa, kisha hulipa. Ukiichambua bei ile utakuta petroli, ujira wa mkataji, siku nzima ya kukaa juani, na Idi yenyewe, maana sikukuu nayo ina bei yake. Kitu kimoja tu hakimo: mti. Huo umeingia katika biashara bure, na ndivyo ilivyo karibu kila kuni zinapouzwa, iwe Maskati au Makunduchi kule Unguja.

Muuzaji atakuapia kwamba mti aliukuta umeshakufa. Huenda ni kweli. Ajabu yake ni kwamba vifo hivi vya miti hufuata kalenda ya Hijria.

Oman ina sheria. Amri ya kifalme nambari 6 ya mwaka 2003, kuhusu hifadhi za asili na viumbe vya porini, inakataza kukata miti ya mwitu. Lakini Oman pia ina shuwa, nyama ya Idi, na shuwa haipikwi kwa gesi. Nyama hupakwa vitunguu saumu, giligilani, bizari, karafuu na siki, hulala na viungo vyake, hufungwa majani ya mgomba na kutiwa katika kifuko cha makuti ya mtende. Shimo la ardhini hujazwa kuni mpaka zigeuke makaa. Vifuko huteremshwa, mdomo huzibwa na kufukiwa udongo, na hapo ni subira ya siku nzima au mbili. Shimo moja hupikia nyumba nyingi, ndiyo maana kila familia hutia alama kifuko chake, waya au kipande cha kitambaa, isije ikafukua mbuzi wa jirani. Kazi hiyo inataka mti mgumu, wenye makaa yanayokaa muda mrefu bila moshi mwingi. Inataka samar.

Samar huyo huyo ana hesabu ya pili. Maua yake huwapa nyuki asali nyeusi nyeusi ambayo Waomani huiweka juu ya asali nyingi nyingine, na huinunua kwa bei ambayo mgeni hudhani amesikia vibaya. Kwa mfuga nyuki, basi, mti uliosimama ni mtaji unaozaa kila msimu. Kwa mwenye pikapu, mti huo hauna thamani mpaka uanguke. Wanalitumia bonde moja, na hakuna anayemlipa mwenziwe fidia. Mwenye shoka amefika kwanza, na mti ulioanguka hauwezi kulalamika kwa niaba ya nyuki.

Upo mti mwingine ambao serikali ingefurahi kuuona ukikatwa wote: ghuwaif, uliotoka Amerika, ambao Kenya waliubatiza mathenge. Unasambaa kwa kasi na kuinyima nafasi miti ya asili, na huko Dhofar zimefanywa kampeni za kuung'oa. Wapishi wa shuwa hawautaki. Kwa hiyo mti uliokatazwa unatafutwa, na ule ulioruhusiwa unadharauliwa.

Wengi wanaozungumza Kiswahili Al Khoudh, wao au wazee wao, walitoka Unguja na Pemba, baadhi baada ya mapinduzi ya 1964 na wengi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Kuni za kule wanazikumbuka kwa harufu zaidi kuliko kwa hesabu. Tuanze na hesabu.

Mashariki na kusini mwa Unguja ni nchi ya maweni. Ardhi ni jiwe la matumbawe, na udongo umejikusanya mashimoni, mahali pengine kiganja kimoja tu. Karafuu hazikubali hapo. Mkulima hufyeka kichaka, hupanda muhogo au mtama humo mashimoni kwa misimu michache, kisha huliacha shamba lilale. Kichaka kinachorudi ndicho kuni za kisiwa. Kikipewa miaka ya kutosha hutoa vigogo. Kikikatwa mapema hutoa fito, na zamu inayofuata vijiti. Mji hauwezi kungoja, kwani mji hula kila siku.

Mwanamke wa kijijini anayetafuta kuni za jikoni kwake huokota zilizokauka, hufunga mzigo, huweka kata kichwani na kurudi. Huyu hauumizi sana msitu, ingawa shingo yake ni habari nyingine. Anayekata kwa kuuza ni mwingine: ana panga na shoka, na hukata mbichi, kwani kavu hazitoshi. Mzigo wake husafiri kwa gari la ng'ombe au kwa baiskeli iliyofungwa kuni hata mwenyewe hana pa kukaa, basi huisukuma kwa miguu tangu alfajiri. Mwenye kibali hupita mchana. Asiye nacho anajua vizuizi vya barabarani huwa macho saa ngapi.

Mjini mzigo huanza kugawanyika. Kuni zilizofika kwa gari hupasuliwa, hupangwa mafungu, na fungu huvunjwa vipande vitatu vinne vya kuivishia chungu kimoja cha maharage. Kila kipande kinavyopungua bei yake kwa uzito inapanda, na anayenunua vipande vinne ni yule asiyeweza kununua mzigo. Maskini, kama kawaida, analipa zaidi. Hata hivyo faida hiyo haifiki maweni. Muulize mkataji anauza nini, atakwambia anauza nguvu zake, na amesema kweli: bei aliyopewa inalipa mikono, miguu na kamba.

Jikoni kwa watu si mwisho wa safari. Wapo waoka mikate. Wapo wapishi wa shughuli, ambao pilau ya watu mia tano huipika kwa sufuria juu ya mafiga na hawataki kusikia habari ya kitu kingine. Na wapo wachoma chokaa. Magogo hupangwa duara, moja juu ya jingine, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu yake, kisha moto hutiwa katikati. Kuni zikishakwisha, jiwe limekuwa chokaa. Mji Mkongwe ulijengwa hivyo, mawe na chokaa, na juu yake boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba. Mwaka 2000 UNESCO waliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huonyeshwa milango. Hakuna anayewaonyesha msitu uliopikwa ili kuta zile zisimame.

Boriti hizo hazikuezeka Unguja peke yake. Majahazi ya Ghuba yalizipakia Lamu na katika delta ya Rufiji kwa karne nyingi, na zikaezeka nyumba za nchi zisizo na miti mirefu. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Baadaye zamu ikawa ya makaa. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio nambari 2036, lilizuia makaa ya Somalia kuuzwa nje kwa sababu biashara hiyo ilikuwa inawalisha al-Shabaab. Mkaa wenyewe ulitokana na migunga, ndugu wa samar, na wateja wakubwa walikuwa Ghuba, kwa nyama za kuchoma na kwa shisha. Biashara iliendelea. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta shehena zenye vyeti bandia vinavyosema makaa yametoka Komoro. Watu wa Anjouan, kimoja cha visiwa vya Komoro, ambao wamemaliza miti ya milima yao kwa kuni za kukenekea mafuta ya mlangilangi, wangependa kujua msitu huo uko upande gani wa kisiwa.

Wahenga walisema kuni juu ya uchaga zacheka zilizo motoni. Nchi inayolinda miti yake na kununua makaa ya mwingine imepanda uchagani, na mti uliokatwa ng'ambo ndio unaoingia gharama za ulinzi huo.

Zanzibar haikukaa kimya. Ina sheria ya misitu ya mwaka 1996, ina hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004, na mwaka 2010 ulianza mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, kwa fedha za Norway. Wazo la HIMA lilikuwa zuri kuliko mengi: shehia zilizolinda misitu yao zilipwe kwa kaboni iliyobaki ndani ya miti. Kwa mara moja mti uliosimama ulitaka kuwekewa bei. Shida ni mwendo wa fedha zenyewe. Kaboni hulipa baada ya vipimo, wakaguzi, ripoti na miaka. Kuni hulipa magharibi ya leo.

Kwa miaka mingi idara ya misitu pia imehimiza watu wapande mivinje na mikeshia kwa ajili ya kuni na majengo. Hapa ndipo mti usio na bei unapofanya madhara yake makubwa. Aliyepanda mikeshia ametoa ardhi, miche, palizi na miaka ya kungoja, na vyote anataka virudi. Sokoni anakutana na kuni za kichakani ambazo hazikugharimu kupandwa. Hawezi kumshinda bei mtu aliyepewa bidhaa bure, kwa hiyo anauza fito za ujenzi na kuacha biashara ya kuni kwa wenye mapanga.

Oman ilivuka hapa kwa njia ambayo sheria isijisifie. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, mitungi ya gesi ikaenea majumbani, na samar akaondolewa chini ya chungu cha kila siku miaka mingi kabla ya amri ya 2003. Kilichobaki ni kuni za sherehe. Tanzania nayo ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya watu waitumie ifikapo 2034. Mtungi wa gesi, lakini, hutaka fedha za mkupuo. Vipande vinne vya kuni hutaka sarafu. Kampuni zinazouza gesi kwa mita Dar es Salaam na Nairobi, ulipe kidogo upikie kidogo, angalau zimeelewa kwamba zinashindana na fungu.

Hata gesi ikifika kila jiko, tanuri la chokaa, mkate na pilau ya harusi vitabaki kwenye moto wa kuni. Wenye kazi hizo ndio wa kutozwa gharama ya mti, na kiwango si kigumu kukipata: ni gharama ya kuukuza mkeshia mpaka ukatwe. Kigumu ni mahali pa kukitoza. Leo kibali hukaguliwa barabarani, ambako anayeonekana ni mwenye baiskeli. Mwenye tanuri hununua kuni zilizokwisha kufika mlangoni kwake, na mlangoni kwake hakuna kizuizi.