Mwalimu na Mtunza Nyaraka: Kazi za Kenneth Onwuka Dike na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inaeleza kazi za Kenneth Onwuka Dike (1917–1983), mwanahistoria wa Nigeria aliyefundisha chuo kikuu, akaasisi hifadhi ya nyaraka ya taifa lake na kuifikisha historia kwa umma. Hoja kuu ni kwamba mafanikio yake yalitokana na kuziunganisha kazi hizo tatu. Kwa msingi huo, makala inapendekeza namna vyuo vikuu na idara za nyaraka za Afrika Mashariki zinavyoweza kushirikiana.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inayahusu mataifa kama inavyowahusu wafanyabiashara, kwani serikali isiyotunza nyaraka hushindwa kuthibitisha mipaka ya ardhi, ahadi ilizotoa na hata madhara waliyotendewa raia wake. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza, ilibainika kuwa majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, Kenya ikiwemo, yalikuwa yamewekwa kwa siri Hanslope Park nchini Uingereza. Mengine yalikuwa yameteketezwa kabla ya uhuru. Yale yaliyosalia yaliwasaidia wadai, na mwaka 2013 ikafikiwa suluhu ya kuwalipa fidia watu 5,228. Karibu miaka 60 kabla ya hapo, wakati Nigeria ingali chini ya utawala wa kikoloni, Dike alikwisha kuanza kuzikusanya nyaraka za nchi yake.

2.0 Mtafiti Anayetafuta Ushahidi

Dike alizaliwa Awka, mashariki mwa Nigeria. Alisoma Chuo cha Fourah Bay nchini Sierra Leone, kisha Aberdeen, na mwaka 1950 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London. Enzi hizo wasomi wengi wa Ulaya waliamini kuwa jamii zisizokuwa na maandishi hazina historia. Tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1956 kwa jina la *Trade and Politics in the Niger Delta, 1830–1885*, ilitoa picha tofauti. Aliyasoma majalada ya serikali ya Uingereza, lakini pia alikwenda kuwasikiliza wenyeji wa eneo la delta. Kwa njia hiyo, dola ndogo za biashara kama Bonny zilionekana kuwa na siasa na maslahi yake, na viongozi kama Jaja wa Opobo, aliyeanza maisha yake utumwani akaishia kuwa mfalme, wakaonekana kuwa watendaji katika historia badala ya watazamaji.

3.0 Kutoka Majalada Yaliyotawanyika hadi Hifadhi ya Taifa

Mtafiti aliyelazimika kwenda London ili kuisoma historia ya nchi yake hakuhitaji kuelezwa umuhimu wa hifadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Dike alipewa jukumu la kukagua kumbukumbu zilizotawanyika katika ofisi za serikali na za tawala za wenyeji. Ripoti yake ilipendekeza kuanzishwa kwa chombo cha kudumu. Mwaka 1954 ikaundwa Ofisi ya Kumbukumbu ya Nigeria, naye akawa kiongozi wake wa kwanza. Mwaka 1957 ilitungwa sheria iliyoipa hadhi ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa.

Mambo mawili katika mpango huo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, makao makuu ya hifadhi yalijengwa Ibadan, katika eneo la chuo kikuu, huku Enugu na Kaduna zikipata matawi. Mwanafunzi aliweza kutoka darasani na kuingia katika chumba cha kusomea nyaraka kwa miguu. Pili, sheria ilikifanya chombo hicho kiendelee hata baada ya mwasisi wake kuondoka.

4.0 Darasa, Hifadhi na Umma

Dike alishiriki kuasisi Chama cha Historia cha Nigeria mwaka 1955, akaongoza mradi wa utafiti kuhusu ufalme wa Benin uliowakutanisha wataalamu wa taaluma mbalimbali, na akawa mhariri mkuu wa mfululizo wa vitabu vya historia vya Ibadan. Mfano mmoja unatosha kuonyesha matunda yake. Adiele Afigbo alipata shahada ya uzamivu Ibadan mwaka 1964. Kitabu chake kuhusu machifu walioteuliwa na wakoloni kusini mashariki mwa Nigeria kilitoka katika mfululizo huo mwaka 1972, kikitumia majalada ya utawala pamoja na masimulizi ya wazee. Mchanganyiko huo ulikuwa wa lazima, kwa sababu majalada ya kikoloni huhifadhi zaidi sauti ya mtawala, na mtawaliwa huonekana humo hasa anapokuwa mshitakiwa, mlipa kodi au mlalamikaji.

Dike alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chuo cha Ibadan, tangu 1960 hadi 1966. Machafuko ya kisiasa yalimwondoa huko. Aliitumikia Biafra wakati wa vita, kisha akafundisha Harvard kabla ya kurejea nyumbani.

5.0 Funzo kwa Afrika Mashariki

Katika kanda hii sheria za nyaraka zipo: Kenya ilitunga ya kwake mwaka 1965, Uganda 2001 na Tanzania 2002. Nchini Uganda na Tanzania idara husika zimewekwa chini ya mamlaka za utumishi wa umma. Mpangilio huo unafaa kwa usimamizi wa masijala, lakini peke yake haumlei mtafiti. Mambo matatu yanapendekezwa:

(i) Kila programu ya shahada ya historia iwe na mafunzo ya vitendo ndani ya hifadhi ya taifa, yatakayotahiniwa kama somo lolote lingine.

(ii) Masimulizi yanayokusanywa na wanafunzi yakabidhiwe kwa hifadhi, kwa ridhaa ya wasimulizi, badala ya kubaki katika makabati ya wahadhiri.

(iii) Miongozo ya majalada iandikwe pia kwa Kiswahili. Nyaraka za enzi ya Wajerumani zilizoko Dar es Salaam, kwa mfano, haziwezi kumsaidia mwananchi anayefuatilia historia ya ardhi yake iwapo hata orodha yake haisomeki kwake.

6.0 Hitimisho

Hifadhi isiyo na wanafunzi hugeuka ghala, na ghala lisilo na watumiaji huwa la kwanza kupunguziwa bajeti. Dike aliwaandaa watumiaji wa nyaraka wakati huohuo alipokuwa akizikusanya. Washauri wa sera wanaotafuta namna ya kuzinusuru kumbukumbu za kanda hii wanaweza kuanza kwa kuzikutanisha wizara mbili ambazo kila moja inashika upande mmoja wa kazi hiyo: ya elimu na ya utumishi wa umma.