Bei ya Mgeni Mwenye Ujuzi

Mnamo Desemba 2024 wakuu wa Kivu ya Kusini waliwakamata Wachina 17 walioshitakiwa kuchimba dhahabu pasipo idhini, na haukupita muda mrefu wengi wao walikuwa wamekwisha kuachiliwa na kurejea kwao, jambo lililomfanya gavana Jean-Jacques Purusi atangaze mshangao wake hadharani, kwani mkoa ulikuwa bado unadai kodi na faini. Hapo Bukavu nzima, kuanzia Ibanda hadi Kadutu na Bagira, ikashikwa na mjadala ambao haukuwa mpya: kwa nini ajinabi apewe visa na kazi, ilhali vijana wetu waliomaliza Chuo Kikuu cha Katoliki, Chuo Kikuu Rasmi na ISP wanakaa nyumbani na shahada zao?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa, lakini kwanza yatenganishwe mambo mawili yaliyochanganywa. Mgeni anayechimba kwa siri, au anayejificha nyuma ya ushirika wa wachimbaji wadogo, hali sheria ya madini imewawekea Wakongo peke yao uchimbaji huo wa mikono, hana habari na mlango wa ajira. Na ndiyo maana Agosti 2021, gavana wa wakati ule alipozisimamisha kampuni sita huko Mwenga, na Julai 2024, Purusi alipousimamisha uchimbaji katika mkoa mzima, silaha iliyotumika ilikuwa amri ya madini, si kadi ya kazi. Makala haya yanamhusu yule mwingine, yaani mhandisi, daktari, mhasibu au fundi aletwaye kwa ajili ya ujuzi wake.

Huyo, akifuata sheria, hupita mikononi mwa idara tatu. Wizara ya Kazi, kwa mujibu wa Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 na amri zinazoweka kiwango cha juu cha wageni katika kila aina ya shughuli, hulipeleka ombi lake mbele ya tume ya taifa ya ajira za wageni, ili ijulikane kama yupo Mkongo awezaye kazi hiyo, kisha hutoa kadi ya kazi, nayo ina malipo yake. Idara ya uhamiaji, DGM, hutoa visa ya kukaa kwa kazi, nayo vilevile si ya bure. Tatu ni idara ya kodi, ambayo mjini hapa haizungumzwi sana, nami nadhani ndiyo yenye kiini cha shauri lote. (Tangu Februari 2025 mji huu uko mikononi mwa waasi wa AFC/M23, mpaka wa Ruzizi una wasimamizi wengine na benki zilifungwa, hata hivyo ninayoieleza ni sheria ya Jamhuri, nayo haijafutwa.)

Tangu tarehe 10 Februari 1969 mwajiri wa mgeni hulipa, juu ya mshahara wa mgeni huyo, kodi ya pekee ambayo leo ni asilimia 25. Haikatwi katika mshahara, bali hutoka mfukoni mwa mwajiri, na muradi wake, kwa namna nionavyo mimi, ulikuwa kumfanya mgeni awe ghali hata mwajiri ajiulize mara mbili kabla ya kumwagiza kutoka ng'ambo. Miaka minne baadaye zilikuja hatua kali zaidi: sheria ya Januari 1973 iliyowatengea wenyeji biashara ndogondogo, hotuba ya Rais Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973 iliyowanyang'anya wageni maduka na mashamba na kuwapa wateule wa dola, kisha agizo la Juni 1974 lililokusudia kuikinga nguvukazi ya taifa na ushindani wa kigeni. Kuhusu yale maduka sina haja ya kusema mengi, maana wazee wa Bukavu wanaujua mwisho wake.

Ila hofu ile ya mwaka 1969 haikuzuka bure. Wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada za chuo kikuu hawakuzidi 30, na hapakuwa na hata Mkongo mmoja aliyekuwa daktari kamili, kwani utawala wa Kibelgiji ulikuwa umewafikisha watu wetu kwenye cheo cha msaidizi wa daktari na kuwakomesha hapo. Wabelgiji walipoondoka kwa mkupuo, Umoja wa Mataifa uliwatafuta waganga na walimu kila pembe ya dunia, wakaja Wahaiti wengi, waliokisema Kifaransa na kumkimbia Duvalier. Raoul Peck, aliyetengeneza filamu ya Lumumba mwaka 2000, alikulia Kinshasa kwa kuwa baba yake alikuwa mmoja wao. Lakini wakati uleule makumi ya wale wasaidizi wa madaktari walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani kuimaliza elimu yao, na baada ya miaka michache wakarudi madaktari. Mgeni alikishika kiti hali mwenyeji wake akiwa njiani anarudi. Katika historia yetu yote sijaona sera ya wageni iliyokuwa na akili kuliko hiyo, na ajabu ni kuwa ilifanywa katika mwaka wa fujo.

Tangu hapo tumekishika kile kiti, na safari ya mwenyeji tumeisahau. Ile asilimia 25 huingia katika hazina ya jumla huko Kinshasa, na malipo ya kadi na ya visa yana njia zake, lakini hakuna hata franka moja katika hayo iliyofungwa kisheria na mafunzo ya Mkongo atakayeirithi kazi. Mafunzo yana mfuko mwingine: INPP, taasisi iliyoundwa mwaka 1964 na yenye kituo hapa Bukavu, huchangiwa na waajiri kwa kadiri ya mishahara wanayolipa, na mwenye wafanyakazi wasiozidi 50 hutoa asilimia 3, wa hadi 300 hutoa 2, na mwenye zaidi ya hapo hutoa 1. Maana yake, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma hutozwa kiwango kikubwa kuliko mgodi. Na mgodi huohuo, kwa sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, hulipa nusu tu ya kodi ya wageni, yaani asilimia 12.5, kwa miaka kumi ya kwanza, ilhali kampuni ya ujenzi ya mjini ikimwajiri mhandisi kutoka India hulipa yote. Ghadhabu ya watu inaelekea migodini. Unafuu nao umeelekea hukohuko.

Wala tusiwaige wadhanio kuwa kila mgeni akiondoka hupatikana kazi moja. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, ilipofunga shughuli zake katika Kivu ya Kusini Juni 2024, viti vya wataalamu wa kigeni havikurithiwa na mtu. Madereva, wakalimani na walinzi wa hapahapa ndio waliorudi nyumbani.

Marekani nayo imeingia katika njia ya bei: Septemba 2025 Rais Trump alitoa tangazo la kutoza dola 100,000 kwa ombi jipya la visa ya H-1B, ambayo tangu 1990 imewaingiza wataalamu wa kompyuta na wengineo. Bei humzuia mwenye kipato cha kati, na tajiri hupita. Na serikali inayokula kutokana na kila kibali ni kama bawabu alipwaye na wapitaji: hatakuwa na pupa ya kuwapunguza.

Lipo na jambo la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia kamili Julai 2022. Itifaki ya soko la pamoja, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi, lakini uhuru huo hufuata orodha ya kazi ambazo kila nchi imekubali kuzifungua, si zaidi. Hivyo siku Kongo itakapoiandika orodha yake, muuguzi wa Nairobi na fundi wa Kampala watakuwa na madai ya haki, wala kuwapandishia bei hakutakuwa rahisi tena. Kitakachobaki mkononi mwa serikali ni mafunzo, nayo yanataka fedha. Sheria ya fedha ya mwaka mmoja tu ingeweza kuelekeza sehemu ya kodi ya wageni walioajiriwa Kivu ya Kusini kwenye kituo cha INPP cha Bukavu, na kuutaka mgodi ulipe asilimia 25 tangu mwaka wa kwanza, isipokuwa uonyeshe kwa jina Mkongo anayefundishwa kila kazi iliyoshikwa na mgeni.