Askari wa Amani na Mwenendo Wake

Wengi wetu tukisikia habari za askari wa Umoja wa Mataifa hukumbuka kofia zao za buluu na magari yao meupe, tukadhani kwamba kazi yao yote ni kuwatenganisha wapiganao. Leo nataka kueleza jambo jingine lisilosemwa sana, nalo ni mafunzo ya mwenendo wanayopewa askari hao, na sababu ya kupewa.

Katika Burundi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1993. Askari wa Umoja wa Afrika walifika mwaka 2003 kutoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, na tarehe 1 Juni 2004 kazi yao ikachukuliwa na jeshi la Umoja wa Mataifa lililoitwa ONUB, lililoruhusiwa kuwa na askari 5,650. Walitawanywa nchini. Wengine walikaa Gitega, mji wa katikati ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya serikali, na wengine Muyinga, kaskazini-mashariki, si mbali na mpaka wa Tanzania. Haikupita hata miezi saba. Desemba 2004 ilitangazwa kwamba askari wawili wa ONUB huko Muyinga wamesimamishwa kazi kwa kushutumiwa mwenendo mbaya katika mambo ya zinaa.

Wala si kwamba amri haikuwako. Oktoba 2003 Katibu Mkuu, Kofi Annan, alikwisha kukataza mambo hayo. Mtumishi wa Umoja wa Mataifa asilale na mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi ile yaruhusu, wala asijitetee kwa kusema, "Nilidhani ni mtu mzima." Asitoe fedha, kazi wala kitu chochote ili apate mwanamke. Tena amwonapo mwenzake akikosa, hana budi kupeleka habari.

Nilipoyaeleza haya katika chama chetu cha majadiliano, mwenzangu mmoja aliuliza, "Kama msichana mwenyewe amekubali, kosa liko wapi?" Swali hilo ndilo hasa mafunzo yanalojaribu kulijibu. Mfikirie msichana aliyekimbia kwao, nyumba imechomwa, wadogo zake hawajala tangu jana. Mbele yake amesimama mtu mwenye bunduki, mshahara, na kopo la nyama mkononi. Akisema "ndiyo", ni njaa iliyosema. Na mama yake akitaka kushtaki, amwendee nani, ikiwa mlinzi wa mji ndiye mshtakiwa? Tangu siku ile hakuna mtu wa mtaa ule atakayemwambia askari wapiganaji wamepita njia gani, na kazi ya amani imeharibika.

Kwa hiyo askari hufundishwa kwao kabla ya safari, na hufundishwa tena wakifika. Kusomewa amri tu hakutoshi, maana askari huitikia "Ndiyo, afande!" kisha akasahau. Mwalimu huwapa kisa: wewe uko zamu langoni, msichana auzaye ndizi amekuja kama kila jioni, na sajini wako anamwita aingie ndani. Utafanya nini? Mimi naona kisa cha namna hii kina faida kuliko kurasa kumi za amri, kwa sababu kinamgusa askari pale anapoogopa, yaani mbele ya mkubwa wake.

Baada ya taarifa ya Mwanamfalme Zeid wa Jordan, Machi 2005, ofisi za mwenendo na nidhamu ziliundwa katika majeshi kadhaa ya amani, na ONUB ikiwamo. Jeshi hilo lilimaliza kazi yake Burundi mwisho wa 2006.

Lakini uko udhaifu mmoja ambao mafunzo hayauponyi. Umoja wa Mataifa hauwezi kumfunga askari. Waweza kumrudisha kwao tu, na nchi yake ndiyo imhukumu. Mwaka 2016 Baraza la Usalama liliamua kwamba hata kikosi kizima chaweza kurudishwa. Juni 2023 ilitangazwa kwamba kikosi cha askari 60 wa Tanzania kitarudishwa kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa shutuma za namna hii hii.

Jambo hili, basi, si la wageni peke yao, na Burundi yenyewe ni shahidi. Nchi iliyopokea walinzi mwaka 2004 ilianza kupeleka wake Somalia mwaka 2007, na baadaye Afrika ya Kati. Desemba 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba wachunguzi wake wamewatambua washutumiwa 41 kwa mambo yaliyotendeka Dekoa, katika nchi hiyo ya Afrika ya Kati: 16 wa Gabon na 25 wa Burundi. Wote walikuwa wameondoka huko kabla ya uchunguzi kwisha. Matokeo yalipelekwa kwa serikali hizo mbili, nazo zikatakiwa kuwahoji askari wao na kuwahukumu.