Mabishano ya Usajili Ufukweni Matema: Nani Anauliza Habari ya Mkataba?

Matema iko mwisho wa njia. Msafiri akitoka Kyela mjini, akayapita mashamba ya mpunga, migomba na mikakao, hufika mahali ambapo barabara inagota kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Simba na Yanga hawana uwanja hapa, wala ligi haiwaleti kucheza hapa. Lakini dirisha kubwa la usajili likifunguliwa katikati ya mwaka, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na kuanikwa, mgeni angeweza kudhani kwamba mikataba yote ya wachezaji inatiwa saini chini ya miembe ya ufukweni.

Wabishi wenyewe ni watu wa kila namna. Wamo wavuvi wanaosubiri giza waingie ziwani kutafuta usipa, wamo vijana wa bodaboda, wamo wazee waliomaliza shughuli za shamba. Siku za soko, vyungu vya Ikombe vikiwa vimeshushwa kutoka mitumbwini na wanunuzi wamejaa, mabishano huanza asubuhi na bei ya chungu husahauliwa kwa muda. Mmoja husema timu yake inakosa kiungo mkabaji. Mwenzake humjibu kwamba tatizo si kiungo, ni beki wa kushoto. Wa tatu, ambaye hakuna aliyemwuliza, huinama na kupanga kikosi kizima kwa vijiti mchangani, kisha huwatoa wachezaji wawili na kuwauza kwa wapinzani bila kuwashauri wenyewe.

Sisi hatuna ugomvi na burudani hiyo. Mtume Muhammad (SAW) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (RA), na habari za mashindano ya farasi katika zama zake zinajulikana. Tena katika kijiji kama hiki, kilichokua kandokando ya misheni ya Kilutheri na ambacho Waislamu wake ni wachache miongoni mwa majirani Wakristo, kijiwe cha mpira ni mahali ambapo watu wa dini mbili huketi gogo moja na kujuana tabia. Kinachotushughulisha ni jambo moja ambalo, katika kusikiliza kwetu, wabishi hawakulitaja hata mara moja: mkataba.

Tuchukue mifano miwili ambayo kila mpenzi wa soka nchini anaifahamu.

Clatous Chama, kiungo wa Zambia, alijiunga na Simba mwaka 2018, akauzwa kwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarejea Simba Januari 2022. Katikati ya mwaka 2024, mkataba wake na Simba ulipokuwa umefika mwisho, alikwenda Yanga. Msimbazi walimwita msaliti. Jangwani walimpokea kama shujaa. Haruna Niyonzima wa Rwanda alikuwa amekwisha kupita njia hiyo hiyo kinyumenyume mwaka 2017, akitoka Yanga kwenda Simba, na maneno yalikuwa yale yale ila walioyasema walibadilishana nafasi.

Mfano wa pili ni wa kijana wetu wa Zanzibar, Feisal Salum, ambaye wengi humwita Fei Toto. Desemba 2022, akiwa bado ana mkataba na Yanga, alitangaza kuuvunja na kuweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya klabu, akiamini kwamba kwa malipo hayo amejikomboa. Klabu ilikataa. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ilisikiliza shauri na, Januari 2023, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Kijana akakaa nje ya uwanja kwa miezi. Juni 2023, katika hafla ya Ikulu ya kuipongeza Yanga kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba viongozi wa klabu walimalize jambo hilo. Siku chache baadaye Feisal alikwenda Azam kwa makubaliano ya pande zote.

Sasa tuyaweke mambo haya mawili sambamba. Chama alitimiza muda alioahidi, kisha akaenda alikopenda. Feisal alitaka kuondoka kabla ya muda. Mbele ya mizani ya ahadi, wa kwanza hana deni hata kidogo. Wa pili alikuwa na hoja ya kujadiliwa, na ilijadiliwa, na ikaisha kwa sulhu. Lakini vijiweni hukumu ilitolewa kwa rangi ya jezi. Wengi waliomtetea Feisal mwaka 2023, wakisema mtu hafungwi kwa karatasi, ndio waliomlaani Chama mwaka 2024 ingawa karatasi yake ilikwisha. Na waliodai mwaka 2023 kwamba mkataba ni kitu kizito, mwaka uliofuata hawakuona haja ya kuulizia mkataba wa mtu yeyote.

Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha walioamini watimize mikataba. Amri hiyo haikubagua mkataba wa ndoa, wa shamba, wa mtumbwi au wa mguu wa kulia wa mshambuliaji, maadamu kilichokubaliwa ni halali. Na sira ya Mtume (SAW) inatuonesha jinsi ahadi inavyoweza kuuma. Pale Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Waislamu walikuwa wamekubaliana na Makuraishi kwamba mtu wa Makka atakayewakimbilia atarudishwa. Hati ikiwa bado inaandikwa, akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makuraishi mwenyewe, akiburuta minyororo na kuomba hifadhi. Mtume (SAW) alijaribu kumwombea. Suhayl akashikilia neno lililokwisha kukubaliwa. Abu Jandal akarudishwa, Masahaba wakitazama kwa uchungu. Hatufananishi jambo lile tukufu na usajili wa kabumbu. Tunasema tu kwamba kijana aliyeisoma habari hiyo madrasa anayo tayari elimu ya kumwuliza mwenzake kijiweni: muda wake ulikuwa umekwisha au haujaisha? Swali hilo moja lingepunguza nusu ya matusi.

Matusi yenyewe tunayajua. Wapenzi wa timu hizi mbili wamebatizana majina ya kejeli, Utopolo kwa hawa na Makolo kwa wale, na watoto wa darasa la pili wanayatumia. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza watu kudharau watu na kuitana kwa majina mabaya. Tumeambiwa mara nyingi kwamba huo ni utani tu, na pengine kati ya watu wazima wanaopendana ni utani kweli. Mchezaji aliyeacha mke na watoto nchini kwake naye anautia wapi utani huo?

Sura hiyo hiyo, katika aya ya 6, inataka habari inayoletwa na mtu asiyeaminika ichunguzwe kabla ya kufanyiwa kazi. Hakuna msimu unaoivunja aya hii kuliko msimu wa usajili. Picha ya mchezaji huvalishwa jezi asiyoivaa, ikatumwa kwenye simu saa 4 usiku, na asubuhi Matema nzima inajua mshahara wake, nyumba aliyopangiwa na sababu ya mkewe kukataa kuhamia Dar es Salaam. Hakuna aliyemwona. Saa chache baadaye klabu nyingine inamtambulisha mtu yule yule, na waliosambaza habari ya kwanza hawaoni haya, wanasambaza ya pili. Mvuvi haingii ziwani kwa sababu mtu fulani amesema upepo utatulia. Anatazama mwenyewe mawingu juu ya Livingstone. Tungependa uangalifu huo uhamie kidogo kwenye simu.

Lipo jambo lingine katika mabishano haya ambalo kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini lina uchungu wa pekee. Huko Australia, katika ligi ya mpira wao wa mviringo wa yai unaochezwa kwa mikono na miguu, kila mwaka vijana wapya hugawanywa kwa zamu, na utaratibu huo ulianza mwaka 1986. Timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza, na bingwa husubiri mwisho. Wapenzi wao nao hugombana majira hayo kama sisi, nani achaguliwe na nani abadilishwe na nani, lakini hugombana ndani ya utaratibu unaomnyanyua mnyonge. Kwetu mwenye nguvu huchagua kwanza, huchagua tena, kisha huja kuangalia kama kuna kilichobaki.

Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, mkoa mzima ulivaa zambarau. Mwaka 2015 kiungo Deus Kaseke alikuwa Yanga, na kocha Juma Mwambusi naye akaenda Yanga kuwa msaidizi. Ihefu ya Mbarali ilifanya zaidi ya hapo: Novemba 2022 iliifunga Yanga 2–1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Miaka miwili haikutimia, Ihefu ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Hapo hakuhamishwa mchezaji, ilihamishwa timu na jina lake likafutwa. Yote yalikuwa halali, na hatumlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Lakini inashangaza kwamba mtu wa Kyela anaweza kulia kwa sababu beki wa Kongo ameondoka Jangwani, na asimtaje kijana wa jirani yake aliyechukuliwa na mtu wa timu bila karatasi.

Hapa ndipo tunapowaomba wazazi watusikilize. Vijana wanaocheza jioni kwenye mchanga wa Matema wapo wenye vipaji, na wapo watu wanaopita vijijini wakitafuta vipaji hivyo. Baba huambiwa kwamba mwanawe atapelekwa mjini, atalala kambini, atasoma. Nauli inatolewa, mkono unapeanwa, kijana anapanda gari. Hakuna kilichoandikwa, au kimeandikwa kwa Kiingereza na baba ametia dole gumba.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahusu kuandika. Inataka deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na kama mwenye wajibu hawezi kujieleza kwa udhaifu wake, walii wake aseme kwa niaba yake kwa uadilifu. Tukiisoma aya hiyo hatuoni nafasi ya baba kutia dole gumba kwenye jambo asilolielewa. Kanuni za FIFA nazo hazikuwaacha watoto: mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, na kwa kawaida haruhusiwi kuhamishwa kwenda nchi nyingine. Akiuzwa nje baadaye, asilimia 5 ya fedha hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza, Januari 2020, klabu alizozitumikia ujanani zilikuwa na haki ya kudai sehemu yake. Timu ya kijiji isiyosajiliwa, ambayo haina hata daftari la majina, haitadai chochote siku mtoto wake atakapouzwa kwa mabilioni.

Kuhusu mikeka hatutasema mengi, kwa kuwa hukumu ya kamari katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, haina utata. Tunasikitika tu kwa neno lenyewe: mkeka uliokuwa wa kuswalia umekuwa jina la karatasi ya kubashiri, na fedha ya usipa wa usiku mmoja huishia hapo kabla haijafika jikoni.

Mtu wa timu akifika nyumbani kwako, basi, mkaribishe na umpe maji. Mwulize anatumwa na klabu gani na iandikishwe barua. Mwulize mkataba ni wa muda gani, uandikwe kwa Kiswahili, na nakala ibaki kwako. Mwulize shule ni ipi, nani atalipa mtoto akiumia goti, na lini atarudi kumwona mama yake. Mwite imamu au mwalimu wa shule awe shahidi, pamoja na jirani mmoja anayejua kusoma vizuri, hata kama ni shabiki wa timu nyingine. Akikasirika kwa maswali hayo, gari la kurudi Kyela lipo.